Mitishamba, utafiti na mzigo wa kuuguza jamaa katika nchi ya majani chai

Katika lugha ya Kipsigis, dawa huitwa kerichek. Mojawapo ya maelezo yanayotolewa kuhusu asili ya jina la mji wa Kericho hulihusisha na neno hilo. Mwanamke aliyebobea katika dawa za miti naye huitwa chepkerichot. Kwa hivyo kabla ya eneo hili kujulikana duniani kwa majani chai, mashamba makubwa yaliyoanza kupandwa miaka ya 1920, wenyeji wake walikuwa na hazina yao nyingine ya majani, magome na mizizi.

Hazina hiyo ingali inatumika. Mgonjwa anapolala kitandani huko Litein, Sotik, Silibwet au Ainamoi, aghalabu kuna chupa mbili kando yake: moja ya hospitali, nyingine ya mitishamba. Anayeamua ni ipi itumike kwanza, na anayezitafutia zote mbili pesa, mara nyingi si mgonjwa mwenyewe. Ni mke, binti, mkaza mwana au mama. Mtu huyo hana cheo hospitalini wala mshahara nyumbani, na katika makala haya ataitwa mwuguzaji, ili kumtofautisha na muuguzi aliyesomea kazi hiyo.

Makala haya yanaeleza utafiti umesema nini kuhusu baadhi ya mimea ya dawa inayojulikana Kericho na Bomet, ugonjwa gani umezitikisa familia za huko kuliko mahali pengi, na kazi ya kuuguza inamgharimu nini anayeifanya.

MIMEA NA YALIYOGUNDULIWA

Senetwet (Senna didymobotrya). Ni kichaka chenye maua ya manjano kinachoota kando ya barabara na mito. Wakipsigis huchoma vijiti vyake na kutumia makaa yake kupaka ndani ya kibuyu, yaani sotet, kabla ya kutia maziwa yatakayoganda na kuwa mursik. Majani na mizizi yake pia huchemshwa kutibu maradhi ya tumbo na homa. Mmea huu una kemikali za jamii ya anthrakwinoni ambazo huharisha kwa nguvu. Kipimo kikizidi, dawa hugeuka sumu. Kwa mgonjwa aliyekwisha kukonda na asiyeweza kunywa maji ya kutosha, kuharishwa huko ni hatari kubwa.

Mueri (Prunus africana), ambao Wakipsigis huuita tendwet. Ni mti mkubwa wa misitu ya nyanda za juu, ukiwemo Msitu wa Mau unaopakana na mashamba ya majani chai. Gome lake ndilo lililochunguzwa zaidi miongoni mwa dawa za miti za eneo hili. Mwaka 2002, wataalamu wa shirika la Cochrane walikusanya matokeo ya majaribio 18 yaliyowahusu wanaume zaidi ya 1,500 wenye uvimbe wa kawaida wa tezi kibofu. Waliotumia gome hilo walikuwa na nafasi zaidi ya maradufu ya kuripoti nafuu wakilinganishwa na waliopewa dawa bandia. Hata hivyo, nafuu hiyo ilikuwa ya dalili, kama vile kuamka usiku kwenda haja ndogo. Hakuna lililothibitishwa kuhusu kuponya saratani ya tezi hiyo. Tangu mwaka 1995 biashara ya kimataifa ya gome hilo imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES, kwa kuwa mti uliochunwa gome pande zote hufa.

Legetetwet (Carissa edulis), yaani mtandamboo. Ni kichaka chenye miiba na matunda madogo matamu. Mwaka 2006, watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba dondoo la mizizi yake lilizuia virusi vya herpes katika seli za maabara na katika panya. Panya si binadamu, na hatua hiyo ni ya mwanzo tu katika safari ya dawa.

Warburgia ugandensis, mti ambao Wamaasai huuita osokonoi. Gome lake kali kama pilipili hutafunwa kwa kikohozi na maumivu ya koo. Katika miaka ya 1970, wanakemia walioshirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, walitenga kutoka kwake kemikali zilizowafanya viwavijeshi waache kula majani. Moja walichoipa jina la warburganali.

Mifano hii minne yatosha kuonyesha jambo moja. Mimea hii si maji matupu kama wanavyodai wanaoidharau. Ina nguvu, na kitu chenye nguvu huhitaji kipimo.

KUTOKA MTINI HADI KIDONGENI

Wengi huuliza kwa nini, ikiwa mti una dawa, mgonjwa asipewe leo. Jibu limo katika kisa cha mmea mwingine wa Kenya, Maytenus buchananii wa Shimba Hills, pwani.

Mwaka 1972, wanasayansi walitangaza kwamba wametenga kutoka mimea ya jamii hiyo kemikali iitwayo maytansini, iliyoua seli za saratani kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 1976, Taasisi ya Kitaifa ya Saratani ya Marekani ilikusanya takriban tani 27 za mmea huo kutoka Shimba Hills kwa ajili ya majaribio. Wagonjwa walipopewa, sumu ilizidi manufaa na mradi ukafifia. Miaka mingi baadaye, wanakemia wengine waliifunga kemikali ya jamii hiyo kwenye kingamwili inayoipeleka moja kwa moja kwenye seli za saratani ya matiti. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2013.

Ilichukua takriban miaka 40. Na sasa malighafi yake hutokana na bakteria wanaokuzwa viwandani, wala si majani ya Shimba Hills. Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, mti uleule uliokuwa na dawa ungeweza kumuua mgonjwa aliyeunywa bila kipimo. La pili, jamii inayoutunza mmea inaweza kubaki mikono mitupu siku faida inapopatikana.

SARATANI YA UMIO

Ugonjwa uliowafanya watafiti wengi waitazame Bomet ni saratani ya umio, yaani ya mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Hospitali ya Tenwek, iliyoanza kama zahanati ya wamishonari mwaka 1937, ndiyo iliyopiga kengele. Mwaka 2002, madaktari wake walichapisha katika jarida la Lancet ripoti iliyoonyesha kwamba saratani hiyo ilikuwa ya kawaida katika iliyokuwa Wilaya ya Bomet, tena kwa vijana.

Jambo hilo la vijana liliwashangaza wataalamu, kwani katika nchi nyingi ugonjwa huu huwapata wazee. Ripoti nyingine ya mwaka 2010 ilieleza kuhusu wagonjwa 109 wa Tenwek waliokuwa na umri wa miaka 30 au chini yake. Mdogo zaidi alikuwa na miaka 14. Baadhi yao walitoka katika familia zenye historia ya ugonjwa huohuo.

Mwaka 2016, watafiti wa Tenwek walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wazima waliojiona wazima kabisa, waliopimwa umio kwa kamera na rangi ya iodini. Karibu mtu 1 kati ya kila 7 alikutwa na mabadiliko ya seli yanayoweza kutangulia saratani.

Dalili huja polepole. Kwanza nyama na ugali hukwama. Mgonjwa huongeza maji ya kuteremshia. Kisha huhamia chakula laini, baadaye uji, na mwishowe hata mate hayapiti. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini katika nyumba hizi huo uji wenyewe ndio unaorudi. Wengi hufika hospitalini wakati huo, upasuaji ukiwa hauwezekani tena.

Kwa wagonjwa kama hao, Tenwek ilijulikana kwa kuweka mirija ya waya inayotanuka ndani ya umio ili chakula kipite. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2009 ilihusu wagonjwa 951 waliowekewa mirija hiyo. Wengi waliweza kula tena. Miongoni mwa waliofuatiliwa, nusu waliishi takriban miezi minane au zaidi.

Miezi hiyo minane ni ushindi kwa daktari na baraka kwa familia. Lakini huishiwa nyumbani, si wodini. Kuna mtu atakayeponda chakula kila siku, atakayemketisha mgonjwa ili asipaliwe, atakayefua na atakayeamka usiku.

KIBUYU NA BIRIKA

Swali la chanzo halijajibiwa kikamilifu. Watafiti wameichunguza mursik. Mwaka 2013, wanasayansi waliopima sampuli chache za kinywaji hicho waliripoti kuwamo asetaldehidi, kemikali inayoweza kudhuru chembe za urithi. Wengine wametazama makaa yanayopakwa kibuyuni, moshi wa kuni jikoni, pombe za kienyeji, tumbaku, hali ya meno na urithi wa familia.

Birika nalo halikusazwa. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mwaka 2019, utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuwahusu wagonjwa zaidi ya 400 ulionyesha kwamba hatari ya saratani ya umio iliongezeka kadiri mtu alivyozoea kunywa chai ya moto zaidi.

Kosa hapa si la jani la chai. Ni la moto. Katika eneo ambalo mgeni hukaribishwa kwa kikombe kinachofuka mvuke, kungoja dakika chache ni kinga isiyogharimu hata senti. Kuhusu mursik, yaliyopatikana ni sababu ya kuendelea kuchunguza. Hayatoshi kumlaumu mama aliyemnywesha mwanawe maziwa ya kibuyu kama alivyonyweshwa yeye. Neno hili si dogo, maana lawama ya namna hiyo huongeza mzigo juu ya mzigo.

MZIGO WENYEWE

Wataalamu wa afya wamejaribu kuupima mzigo wa kuuguza. Kipimo maarufu zaidi kilitungwa na mwanasaikolojia Steven Zarit na wenzake nchini Marekani mwaka 1980, na toleo lake linalotumika sana lina maswali 22. Mwuguzaji huulizwa iwapo anakosa muda wake mwenyewe, iwapo afya yake imedhoofika, iwapo pesa hazitoshi, iwapo anaona angeweza kufanya zaidi. Swali hili la mwisho ndilo huwatoa wengi machozi.

Katika nchi ya majani chai, mzigo huu una sura yake. Mchumaji wa shamba kubwa hulipwa kwa kilo. Siku aliyompeleka mumewe kliniki ni siku isiyo na kilo. Mkulima mdogo anayepeleka majani kiwandani kupitia kituo cha kununulia naye hana nafasi ya kuahirisha. Kiwanda hutaka majani mawili na chipukizi. Yasipochumwa kwa wakati hukomaa, na yaliyokomaa hukataliwa kwenye mizani. Chai haingoji mgonjwa apone.

Sheria nayo haimkumbuki sana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku zisizopungua 21 za kazi, na likizo ya ugonjwa anapougua yeye mwenyewe. Haikuweka likizo ya malipo kwa ajili ya kumwuguza mzazi au mwenzi. Mwuguzaji hutumia siku zake za mapumziko kwa kazi isiyo na mapumziko.

Mfano wa hasara hiyo ulionekana wakati wa UKIMWI, uliotangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulichunguza rekodi za malipo za wachumaji katika shamba la majani chai magharibi mwa Kenya. Wale waliofariki au kustaafu kwa sababu ya UKIMWI walikuwa wamechuma kati ya kilo 4 na 8 pungufu kwa siku katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho wa kazi. Mapato yao yalipungua kwa asilimia 16 katika mwaka wa pili kabla ya kuacha, na kwa karibu asilimia 18 katika mwaka wa mwisho. Walitumia siku zaidi za likizo za kila aina.

Huko Kericho, mradi wa KEMRI na taasisi ya jeshi la Marekani ya Walter Reed ulianza mwaka 2003 kuwafuatilia watu wazima zaidi ya 2,800 katika mashamba ya majani chai, kutafiti maambukizi ya virusi hivyo. Baadaye dawa za kupunguza makali zikaenea na waliokuwa wakibebwa wakarudi mashambani kuchuma. Somo ni kwamba tiba iliyo sahihi humpa mgonjwa nafuu na kumfungua mwuguzaji kwa wakati mmoja.

Lakini rekodi za malipo zina upofu wake. Zinahesabu kilo za mgonjwa. Hazihesabu kilo za mke aliyebaki nyumbani, wala masomo ya binti aliyeachishwa shule akamtunze nyanya yake.

KWA NINI WAUGUZAJI HUGEUKIA MITISHAMBA

Ni rahisi kusema kwamba watu hutumia mitishamba kwa kukosa elimu. Ukweli ni mpana zaidi. Mganga yuko karibu, huzungumza lugha ya mgonjwa, hukubali kulipwa kidogo kidogo na hamrudishi mtu kwa kukosa barua. Tibamiale, kinyume chake, kwa miaka mingi ilipatikana katika hospitali moja tu ya umma, Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Bomet. Ni katika miaka ya karibuni tu ambapo huduma hiyo imesogea hadi Nakuru.

Aidha, mitishamba humpa mwuguzaji kitu cha kufanya. Daktari akisema hakuna zaidi, kuchemsha mizizi ni njia ya kusema kwamba mgonjwa hajaachwa. Haja hiyo ya moyo ndiyo matapeli huitumia.

Eneo hili lilishuhudia nguvu ya haja hiyo mwaka 2011, wakati maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya, walipomiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe kiliuzwa Sh500 za Tanzania na kilidaiwa kuponya magonjwa sugu, ukiwemo UKIMWI na saratani. Wauguzaji waliwabeba wagonjwa mahututi, na baadhi ya wagonjwa walifia kwenye foleni. Kulikuwa na walioacha dawa za hospitali. Mmea uliochemshwa, mugariga, ulikuwa ni ule ule mtandamboo ambao kwa Wakipsigis ni legetetwet. Kati ya dondoo lililowasaidia panya maabarani na kikombe kilichodaiwa kuponya kila kitu, pengo lilikuwa kubwa, na waliotumbukia humo walikuwa maskini.

SHERIA NA HAKI

Kwa miaka mingi waganga wa mitishamba walisajiliwa na idara ya utamaduni, si ya afya. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilitambua tiba za asili na kuelekeza zisimamiwe. Bodi ya Dawa na Sumu nayo ndiyo yenye jukumu la kusajili bidhaa za mitishamba zinazouzwa kama dawa. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya mwaka 2016 inalenga kuhakikisha jamii zinafaidi ujuzi wao unapotumiwa kibiashara. Utekelezaji ndio unaosubiriwa kwa hamu na chepkerichot aliye sokoni, na pia na mnunuzi anayepewa chupa isiyo na jina wala kipimo.

Mjadala kuhusu saratani ulishika kasi Julai 2019, wakati Gavana wa Bomet, Dkt Joyce Laboso, alipofariki baada ya kuugua ugonjwa huo. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya umma imekuwa chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF. Bima hulipia matibabu. Haimlipi anayeuguza.

MAMBO YA KUZINGATIA

Yeyote anayesikia chakula kikikwama kwa zaidi ya majuma mawili, hata kama ni kijana, afike hospitalini bila kungoja uji nao ukatae.

Daktari aambiwe wazi mitishamba inayotumika, na ikiwezekana aonyeshwe mmea wenyewe. Naye daktari asimkemee mgonjwa, kwani anayekemewa leo kesho ataficha.

Dawa za hospitali zisiachwe kwa ahadi ya mtu yeyote anayedai kutibu kila ugonjwa. Mitishamba ya kuharisha asipewe mgonjwa aliyekonda.

Familia ikae na kugawana zamu mapema. Mmoja akiachiwa yote, watakuwa wagonjwa wawili. Wanaume nao wana mikono ya kuponda chakula na kufua.

Wahudumu wa huduma shufaa, taaluma iliyoanza kupata mizizi nchini kwa kuanzishwa kwa Nairobi Hospice mwaka 1990, hufundisha jinsi ya kupunguza maumivu na kumlisha mgonjwa. Kuwaendea si kukata tamaa.

Na katika kila ziara ya kliniki, baada ya mgonjwa kuulizwa hali yake, inafaa aulizwe pia aliyemleta. Huenda naye hajala tangu asubuhi.